Wadudu Watufaao na Dawa Tuzitumiazo Bustanini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kalenga. Yatolewa hapa kwa ombi la wanachama wasioweza kufika siku ile.)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka niseme maneno machache katika mkutano huu, aliniachia nichague jambo lo lote nilipendalo. Kwa kweli nalikuwa nimekwisha chagua kusema juu ya utunzaji wa mafaili, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na minne. Lakini nilipopata orodha ya mambo ya mkutano, naliona kwamba jambo la sita ni ombi la Halmashauri kutumia fedha za Mfuko wa Chama kununua dawa za wadudu kwa ajili ya shamba letu la nyanya na kabichi lililo kando ya Ruaha Mdogo. Dawa za kutosha kunyunyizia kila siku ya tano, tangu miche itiwe ardhini mpaka mavuno ya mwisho. Basi mafaili nimeyaacha yakae kabatini. Nimeona afadhali niseme juu ya jambo la sita kabla hatujainua mikono.

Mimi si Bwana Shamba, wala sikusomea elimu ya wadudu. Ni karani. Nitakayoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu katika bustani yangu mwenyewe, na yale niliyoyasoma na kuyauliza baada ya hasara kunifundisha kuuliza. Bwana Shamba wa kata amekubali kwa hisani yake kuketi pale mbele, nami nimemwomba anisahihishe hadharani kila nikikosea.

Miaka mitatu iliyopita nilikodi robo tatu ya eka karibu na mto, nikapanda nyanya kwa fedha za mkopo. Katika duka moja la pembejeo, ambalo sitalitaja, niliuziwa dawa mbili nikaambiwa nizichanganye katika bomba moja. Muuzaji aliniambia, “Mzee, usingoje kumwona mdudu. Mdudu akionekana umekwisha chelewa.” Maneno hayo yalinipendeza sana, kwa kuwa yalifanana na busara.

Mwezi wa kwanza bustani ilikuwa safi kama meza ya karani siku ya mkaguzi. Mwezi wa pili wakaja vidukari, wale ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Nikaongeza kipimo. Wakatoweka siku nne, kisha wakarudi wengi kuliko kwanza. Halafu majani ya chini yakaanza kugeuka rangi ya shaba, na chini ya majani pakawa na utando mwembamba kama wa buibui. Huyo alikuwa utitiri, mdudu ambaye mwanzo wa msimu sikumwona hata mmoja. Nikabadili dawa, utitiri hawakujali. Nikabadili tena. Msimu ule nalinyunyizia mara kumi na tisa, na kila mara nilitumaini kwamba hii ndiyo ya mwisho. Nyanya nilizovuna hazikulipa hata bei ya dawa. Deni lililobaki nimelilipa kwa mshahara, na malipo ya mwisho yalikuwa Novemba ya mwaka jana. Wanachama wawili walionidhamini wamo humu ndani, nao wajua kwamba sisemi hadithi.

Sasa, nyuma ya nyumba mke wangu alikuwa na matuta manne ya sukuma wiki. Hakuyanyunyizia kitu ila maji, maana mboga za watoto hutoka hapo. Huko nako vidukari walikuwapo, tena wiki moja walikuwa wengi hata nikamwambia nilete bomba. Akanikataza. Baada ya siku kumi hivi akaniita akanionyesha jani. “Tazama,” alisema, “hawa wamekufa bila dawa yako.” Nami nilitazama kwa kuwa sikuwa na jibu.

Mabwana, chupa hii ninayoipitisha kwenu ina jani kama lile, nililolichuma Jumatano. Mtaona juu yake vidukari waliovimba, rangi ya kahawia ing'aayo, wagumu kama punje ya mtama. Hao si wazima. Yuko nyigu mdogo mweusi, urefu wake kama herufi ndogo ya taipureta, ambaye humdunga kidukari na kumwekea yai moja ndani ya mwili. Yai huanguliwa likawa funza, funza humla kidukari toka ndani, na ngozi ya kidukari hukauka ikawa nyumba ya huyo aliyemla. Kisha nyigu mpya hukata tundu la mviringo mgongoni, akatoka. Wenye macho mazuri mtaona kwamba wengine wana tundu: wenye nyumba hizo wamekwisha hama, nao ndio vile vitu vyeusi vitembeavyo karibu na kizibo. Tafadhali msikifungue.

Wala nyigu huyu si peke yake. Yuko mdudu mwekundu mwenye mgongo wa duara na madoa meusi, ambaye watoto hupenda kumchezea. Yeye na watoto wake, wasiofanana naye hata kidogo, hula vidukari kutwa. Wako nzi wenye mistari ya njano wasimamao hewani bila kusogea juu ya maua. Funza wao ni walaji wakubwa wa vidukari. Wako buibui wa kila namna. Wako sisimizi na siafu. Tena wako utitiri walao utitiri wenzao, wepesi wa miguu, wasioonekana ila kwa kioo cha kukuzia. Katika bustani yangu ya nyanya hao wote naliwaua mwezi wa kwanza, ule mwezi ambao nalisifu usafi.

Mtu aweza kuuliza: je, dawa si huua wote sawasawa? Kwa nini basi adui arudi na rafiki asirudi? Nami nilijiuliza hivyo. Sababu niliyoiona kubwa kuliko zote ni ya hesabu. Kidukari jike huzaa bila dume, na huzaa watoto walio hai, na mtoto huyo baada ya siku chache naye huzaa. Wakibaki kumi chini ya jani ambapo dawa haikufika, baada ya majuma machache watakuwa mamia. Lakini nyigu hawezi kuzaa mpaka ampate kidukari wa kutagia, na dawa imewamaliza vidukari karibu wote. Basi hata nyigu aliyeponyoka hana pa kuweka yai, hufa au huenda zake. Ndiyo kusema adui hurudi kwanza, na kwa muda wote huo yu peke yake shambani.

Tena rafiki hutembea. Mdudu mla majani hukaa mahali pamoja akala. Mwindaji hupita jani hadi jani akitafuta, na kila jani alipitialo lina sumu. Hula pia wadudu waliokwisha kula sumu. Hata tumbo lake ni jingine: wadudu walao mimea wamezoea tangu zamani kuvunja sumu za asili zilizomo katika majani, na nguvu hiyo huwasaidia kuvunja sumu zetu nazo; mwindaji aghalabu hana nguvu hiyo kwa kiasi kile. Na hata dawa isipomwua, yaweza kumpunguzia mayai, au kumpotezea uwezo wa kunusa na kumtafuta windo lake. Mwindaji asiyeweza kutafuta ni sawa na aliyekufa.

Jambo hili si geni, wala halikuanza Kalenga. Kule California, katika Marekani, mashamba ya machungwa yalikuwa karibu kuangamizwa na mdudu mweupe wa magamba aliyetoka Australia. Mwaka wa 1888 Albert Koebele alitumwa Australia kumtafuta adui wa mdudu huyo, akaleta kidudu kimoja chekundu cha jamaa ya wale wenye madoa. Kwa muda wa miaka miwili hivi mashamba yalipona, na kwa zaidi ya nusu karne mdudu yule mweupe hakuwa tena tishio. Kisha ikaja DDT, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka wa 1939, akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948 kwa ajili hiyo. Wenye machungwa wakainyunyizia kuwaua wadudu wengine. Baada ya mwaka wa 1946 kidudu chekundu kikafa katika mashamba hayo, na mdudu mweupe, ambaye vijana wengi hawakuwahi kumwona, akatokea tena akayafunika matawi. Dawa iliyosifiwa duniani kote ilikuwa imemfukuza mlinzi aliyefanya kazi miaka hamsini bila mshahara.

Habari ya pili ni ya jirani zetu wa Kenya, nayo itawapendeza makarani. Katika miaka ya 1920 kahawa ya Kenya ilishambuliwa na kidung'ata, mdudu laini aliyefunikwa unga mweupe. Wataalamu wakampa jina la kidung'ata mwingine afananaye naye, ajulikanaye Asia. Kwa hiyo wakatafuta adui zake huko Asia. Wakaletwa wadudu wasaidizi kwa gharama na taabu, wasifanye lo lote. Miaka ikapita. Hatimaye mdudu alichunguzwa vema zaidi, ikaonekana kwamba siye yule aliyedhaniwa, bali ni wa namna nyingine, ambaye kwao ni hapa hapa Afrika ya Mashariki. Ndipo R. H. Le Pelley na wenzake wakaenda Uganda, na mwaka wa 1938 wakaleta kutoka huko nyigu wadogo waliomshinda yule kidung'ata. Faili moja likiwekwa chini ya jina lisilo lake, kazi ya miaka kumi hupotea. Mwenye kufanya kazi ya masjala ajua nisemalo.

Lakini kahawa haikukaa kwa amani. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja dawa zidumuzo muda mrefu, DDT na dieldrin, na nyinginezo kali kama parathion. Kwetu Tanganyika mashamba ya kahawa ya kaskazini yalianza kuona milipuko ya kiwavi mdogo sana achimbaye ndani ya jani la kahawa akaliacha na mabaka ya kahawia. Mwaka wa 1961 taarifa ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, ilihusisha milipuko hiyo na dawa zidumuzo. Kiwavi yule hukaa kati ya ngozi mbili za jani, kama mtu aliyejifunika mablanketi mawili. Sumu yamfikia kwa shida. Nyigu wanaomtafuta watembea juu ya jani. Dawa ikawaua waliokuwa nje, ikamwacha aliyekuwa ndani. Huko Kenya nako kiwavi mkubwa, yule atembeaye kwa kujikunja kama apimaye kitambaa, aligeuka kuwa adui wa kahawa baada ya kunyunyizia parathion, na kabla ya hapo alikuwa mdudu wa kawaida tu. Ndugu zetu wa Mbozi na Rungwe walimao kahawa nadhani wayajua haya kuliko mimi. Nawaomba mkumbuke tu yule kiwavi wa mablanketi mawili, maana nitamrudia.

Kuhusu muhogo nitasema kwa kifupi, ijapokuwa ni habari kubwa kuliko zote. Mwaka wa 1973 kidung'ata wa muhogo, aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana katika Kongo, na kutoka hapo akaenea nchi baada ya nchi. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amekwisha fika kwetu. Taasisi ya IITA ya Ibadan, katika kazi iliyoongozwa na Hans Herren wa Uswisi, ilitafuta adui wake kule alikotoka. Mwaka wa 1981 nyigu wadogo walipatikana Paraguay, wakaachiliwa mwaka huo huo Nigeria, na baadaye katika nchi karibu 30 za Afrika. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1995. Lakini kilichonishika mimi si tuzo. Wachunguzi, wakitaka kuthibitisha kwamba ni nyigu wafanyao kazi wala si mvua au bahati, walinyunyizia dawa ya wadudu kwa makusudi juu ya mihogo mingine ili nyigu wafe, wakaiacha mingine. Kwenye mihogo iliyotiwa dawa vidung'ata wakazidi. Kwenye isiyotiwa wakapungua. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga karatasi nikatoka nje. Jaribio waliloliweka kwa makusudi wao, mimi nalilifanya bila kujua, kwa fedha za mkopo.

Na kabichi? Shamba letu lina matuta mengi ya kabichi, na adui wake mkuu hapa nyanda za juu ni yule kiwavi mdogo wa kijani ajiningʼinizaye kwa uzi akiguswa, mtoto wa nondo ambaye wataalamu humwita nondo mgongo wa almasi. Kiwavi huyu ametia aibu dawa nyingi duniani. Alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kuizoea DDT, na hata leo huzizoea mpya moja baada ya nyingine. Mwaka wa 2002 taasisi ya ICIPE ya Nairobi iliachilia huko Wundanyi katika milima ya Taita, na huko Limuru, nyigu aliyetoka Taiwan, apendaye baridi ya milima. Baadaye aliletwa Tanzania na Uganda pia. Mahali nyigu huyo alipokaa, viwavi walipungua na wakulima wakapunguza dawa. Mahali walipoendelea kunyunyizia zile kali kila juma, hakupata nafasi ya kukaa. Huyo ndiye msaidizi ambaye, kama Bwana Shamba anavyoniambia, tungependa kumwona katika kabichi zetu. Na jambo la sita lataka tumpige sumu kila siku ya tano.

Nisije nikaonekana naitukana kila dawa, niseme neno juu ya pareto. Sisi wa nyanda hizi, kutoka Mufindi na Njombe mpaka Mbeya, twalijua ua hilo jeupe, na kiwanda chake kiko Mafinga. Unga wa pareto huua mdudu upesi, lakini jua huuvunja upesi pia. Asubuhi umenyunyizia, baada ya muda mfupi nguvu imekwisha. Wafanya biashara waliona hiyo ni ila. Basi wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, wakiiga umbo la sumu ya pareto, walitengeneza mwaka wa 1973 dawa iitwayo permethrin, isiyovunjwa na jua kwa urahisi, na baada yake jamaa zake wengi. Nusu ya chupa zilizoko madukani mwetu leo ni za ukoo huo, au zaidi. Mimi nimezihesabu rafuni, wala sikuhesabu maduka yote. Jamaa hao huwaua wale utitiri wepesi walao utitiri wenzao, na huwaacha utitiri waharibifu kwa sehemu kubwa. Majani yangu ya rangi ya shaba yalitoka hapo. Kilichohesabiwa kuwa ila ya pareto, yaani kutokudumu, ndicho kilichokuwa kikiwapa marafiki nafasi ya kurudi.

Watumishi wa Serikali waliomo humu wapendao kuona amri iliyoandikwa, nawapa mfano wa Indonesia. Huko wakulima wa mpunga walikuwa wakipewa dawa kwa bei ya kusaidiwa na Serikali, nao wakanyunyizia sana, na mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye mpunga akaongezeka mwaka kwa mwaka hata akatisha akiba ya chakula ya nchi. Wachunguzi wakaonyesha kwamba dawa zilikuwa zikiua buibui na wadudu wengine wamlao. Mwaka wa 1986 Rais Suharto alitoa amri ya kukataza dawa za majina 57 zisitumike katika mpunga, na ilipofika mwaka wa 1989 msaada wa bei ulikuwa umeondolewa. Mpunga haukuanguka. Wenzetu wa Mbarali walimao mpunga wana haki ya kulijua jambo hili.

Sasa nimrudie yule kiwavi wa mablanketi mawili. Tangu mwaka wa 2014 nyanya za Tanzania zina adui aliyetoka Amerika ya Kusini, ambaye kitaalamu huitwa Tuta absoluta, nasi twamwita kantangaze. Naye huchimba ndani ya jani, tena huingia katika tunda. Halmashauri yasema dawa zanunuliwa kwa ajili yake hasa. Lakini nauliza: akiwa ndani ya jani, ni nani atakayepatwa na dawa ya kila siku ya tano? Kiwavi huyu alikuja kwetu akiwa amekwisha zoea dawa nyingi huko alikopita, zikiwamo zile zile za ukoo wa permethrin zilizo rahisi kwa bei. Mwaka wa 2017 ICIPE ilileta nyigu kutoka Peru amshambuliaye kantangaze akiwa humo humo ndani ya jani, ili wamwachilie katika nchi zetu. Siwaambii kwamba nyigu huyo yuko Kalenga. Nawaambia tu kwamba akija, au akija mwingine wa hapa hapa aliyejifunza kumla, atakuta tumempokeaje.

Jana jioni mwanachama mmoja mzee, ninayemheshimu, alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akaniambia, “Kumbe wewe wataka tulime chakula cha wadudu.” Nalimjibu, ndiyo, baba, kidogo. Bustani isiyo na kidukari hata mmoja haiwezi kuwa na nyigu. Lazima wabaki adui wachache ili walinzi wapate posho. Mzee hakuridhika, nami sikumlaumu, maana ni yeye aliyepoteza kabichi zote mwaka wa mvua nyingi.

Tena nakiri kwamba ukungu wa nyanya hauna nyigu wa kuula. Mvua zikikaa siku tatu na baridi ya Iringa ikashuka, asiyetia dawa ya ukungu hatavuna. Fedha za dawa hiyo nasi tuzitoe. Ila hata yenyewe isitiwe kwa kalenda kama ratiba ya basi. Mancozeb, itumiwayo sana hapa, yajulikana kuwadhuru wale utitiri wasaidizi, na zipo dawa za ukungu ziuazo pia ukungu ule mwema uuao wadudu.

Basi haya ndiyo nimwombayo Mwenyekiti ayaweke pamoja na jambo la sita. Shamba letu lina sehemu mbili zinazotengwa na mfereji. Sehemu ya juu Halmashauri na iitunze kama ilivyokusudia. Ya chini tupewe sisi tulio tayari kuhesabu. Mara mbili kwa juma tutapita tukikagua miche thelathini, juu na chini ya majani, tuandike adui wangapi na marafiki wangapi. Tutatundika mitego yenye harufu ya jike la kantangaze ili tujue nondo wamefika lini na kwa wingi gani; majani na matunda yaliyochimbwa tutayang'oa na kuyafukia. Kando ya mfereji tutapanda giligilani na kuiacha itoe maua, kwa kuwa nyigu mkubwa hula asali ya maua ijapokuwa mtoto wake hula nyama. Hesabu ikionyesha kwamba adui wanashinda, tutatia kwanza dawa itokanayo na bakteria iuayo viwavi tu, au mwarobaini, jioni nyuki wakiwa wamelala. Ikishindikana kabisa, tutamwuliza Bwana Shamba atuchagulie iliyo kali lakini fupi, iliyoandikishwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye namba ya usajili juu ya chupa; si ile ipimwayo dukani katika chupa ya soda.

Mwisho wa msimu tutaweka vitabu viwili vya hesabu mezani, cha juu na cha chini: gharama, siku za kazi, debe zilizovunwa, bei. Siwaahidi kwamba sehemu ya chini itatoa nyanya nyingi kuliko ya juu. Yawezekana itatoa chache. Ninachotaka kukiona ni mstari wa mwisho wa kila kitabu, baada ya kutoa gharama, nanyi nyote mwajua kuusoma.

Fedha zilizoombwa katika jambo la sita ni michango ya wanachama, na wengine wamechanga huku watoto wao wakidaiwa ada. Mimi nilipoharibu, nilikuwa naharibu mkopo wangu.

Daftari la kuhesabia nimekwisha lipiga mistari, liko kwa Bwana Katibu. Lina nafasi ya majina kumi na mawili, na mpaka asubuhi ya leo yameandikwa manne, moja likiwa la mke wangu, ambaye si mwanachama, lakini ndiye peke yake kati yetu anayejua kumtambua kidukari mwenye nyigu bila kioo. Jumamosi saa moja na nusu, kabla jua halijawa kali, tutakuwa kwenye mfereji. Mwenye kioo cha kukuzia na aje nacho. Na chupa yangu naiomba irudi huku mbele. Naona imekwama safu ya nyuma, na nilisema kizibo kisifunguliwe.